Furushi la riwaya kutoka Nairobi: zipi za binti, zipi za mama?

Swali: Mimi ni mama wa mabinti wawili, nauza vitenge hapa Busia, upande wa Uganda. Mkubwa amemaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anasubiri matokeo. Mdogo ana miaka 14, mwaka huu anaingia S.3. Dada yangu wa Nairobi alisikia nimerudia kusoma, akaniletea furushi la riwaya nne za wanawake wa Kiafrika: Purple Hibiscus, Stay With Me, The Girl with the Louding Voice na The First Woman. Kabla sijafungua hata moja, mdogo ameshafika katikati ya Stay With Me. Nimpokonye? Zipi za watoto, zipi zangu? Baba watoto naye anasema tungetafuta vya Kiswahili maana vina adabu kuliko hivi vya Kizungu. Vya wasichana vipo kweli? Tutavipata wapi?

Jibu:

Dada wa Busia, usimpokonye. Kitabu alichonyang'anywa msichana wa miaka 14 hukimalizia kwa mwenzake bwenini, tena mbiombio, tena bila mtu mzima wa kumuuliza. Mwache amalize, ila nawe ukisome, hata ikibidi mpokezane: yeye mchana, wewe usiku ukishafunga duka.

Nasema hivyo nikijua kilichomo. Stay With Me ya Ayọ̀bámi Adébáyọ̀, iliyotoka 2017, ni riwaya ya ndoa. Yejide na Akin wanapendana, wako Nigeria ya miaka ya 1980, mtoto hapatikani, na ndugu wa mume wanamletea mke wa pili hadi mlangoni. Mambo ya chumbani yamo, lakini hayo binti yako ameshayasikia shuleni kwa lugha chafu kuliko ya Adébáyọ̀. Kitakachomuuma ni watoto wanaokufa, na uongo ambao mume amemjengea mkewe. Msiba wa mama aliyemzika mwanawe hajawahi kuusikia kwa ndani kiasi kile. Akifika huko huenda akanyamaza siku mbili tatu. Usimtungie maswali ya mtihani. Muulize moja tu: katika nyumba ile nani aliujua ukweli, na kwa nini hakusema? Hapo mtaongea mpaka chai ipoe.

Kuhusu kugawana, wauza vitabu wengi hutazama umri wa msichana aliye ndani ya hadithi. Akiwa na miaka 15, kitabu kinakwenda rafu ya vijana. Kwa kipimo hicho mabinti zako wangechukua vitatu, maana Kambili wa Purple Hibiscus ana miaka 15, Adunni wa The Girl with the Louding Voice ana 14, na Kirabo wa The First Woman anaanza akiwa na 12. Wewe ungebaki na Yejide wako. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kilichotolewa kama kitabu cha vijana. Ni riwaya za watu wazima zilizoamua kutazama kwa macho ya msichana, na macho hayo huwa hayafichi kitu.

Mimi hutazama kwanza msimulizi amesimama wapi. Katika riwaya ya vijana hasa, msichana anasimulia akiwa bado yumo ndani ya jambo: hajui kesho itakuwaje, hajui kama yule kijana atamwacha, na msomaji naye hajui. Katika riwaya ya wanawake, mara nyingi kuna mtu aliyekwisha kuvuka ambaye anageuka kutazama alikotoka. Mfano wa wazi ni Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga, ya 1988. Tambu anaanza kwa kutuambia kwamba hakusikitika kaka yake alipofariki. Mtoto hawezi kusema hivyo kwa utulivu ule. Anayesema ni mwanamke aliyekwisha kuzipiga hesabu zake zote. Ndiyo maana kitabu hicho, ingawa karibu chote ni habari za shule na karo na nani kati ya watoto apelekwe kusoma, humfaa zaidi aliyemaliza shule. Hakimo katika furushi lako, lakini dada yako akija tena mwagize, kiwe cha mkubwa.

La pili ni zito zaidi: msichana akikosea, hadithi inaendelea, au inamuua?

Hapa ndipo ninapotofautiana na baba watoto. Mwambie kwa heshima zote kwamba moja ya riwaya za Kiswahili zilizozua zogo kubwa kuhusu msichana ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, na kuna wakati ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, anamzuia asizungumze na mwanamume yeyote, kisha anamwachia aende kusoma mbali bila kumfundisha lolote la dunia. Rosa anayumba, anapotea, na mwisho wake anajiua. Kezilahabi alikuwa anawashitaki akina baba. Ukisoma kwa makini huwezi kukosa kuliona hilo. Lakini darasani wasichana hubaki na funzo jingine kabisa, kwamba aliyeteleza hufa, na walimu wengi huwasaidia kufika hapo. Kitabu chenyewe ni kikubwa, sikibezi. Namhurumia msichana anayekisoma peke yake.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, inaanzia karibu palepale. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, mwanasiasa anayeheshimiwa nje na kuogopwa nyumbani. Anatoroka, anaangukia mjini kwenye pombe na kuuza mwili. Tofauti ni kwamba mtunzi hamwachi huko. Maimuna anarudi, na anapata mahali pa kurudi. Katika riwaya za Kiswahili za kizazi kile, msichana aliyeruhusiwa kurudi ni nadra, na kwa hilo peke yake naiweka Utengano juu. Hata hivyo kwa mdogo wako nisingeanza na yoyote kati ya hizo mbili. Zote zimeandikwa na wanaume, tena hodari, wanaomtazama msichana kutoka nje: tunaona anachotendewa, tunaona anachotenda, lakini anachokiwaza akiwa peke yake kitandani hatukipati sana.

Kwa sababu hiyo kitabu cha kwanza kati ya vyako, kwa maoni yangu, ni The First Woman. Jennifer Nansubuga Makumbi alikitoa 2020, kikapata Tuzo ya Jhalak nchini Uingereza 2021. Marekani kinauzwa kwa jina jingine, A Girl Is a Body of Water. Msije mkanunua mara mbili mkidhani ni vitabu viwili. Mwaka ni 1975, Idi Amin yuko madarakani Uganda. Kirabo analelewa na babu na bibi yake kijijini Nattetta. Ukoo mzima unampenda, ila mama yake hamjui, na hakuna anayetaka hata kumtaja. Juu ya hayo anahisi ndani yake kuna Kirabo wa pili, mkorofi, anayetoka mwilini na kuruka. Anakwenda kwa siri kwa Nsuuta, kikongwe kipofu ambaye kijiji kinamwita mchawi, akitaka amsaidie kumpata mama na amwondolee huyo wa pili. Nsuuta hana haraka ya kumwondolea.

Utamu wa kitabu uko katika namna kinavyoziweka rika mbili pamoja. Kuna sehemu inayorudi nyuma kwenye ujana wa Nsuuta na Alikisa, bibi yake Kirabo, walipokuwa marafiki wa kufa na kuzikana kabla mwanamume mmoja hajaingia kati yao. Halafu Kirabo naye, amekwisha kuhamia kwa baba yake Kampala na kuingia shule ya bweni, anapatwa na lile lile: Sio, kijana anayempenda, anampa mimba Giibwa, rafiki yake wa utotoni. Binti wa miaka 14 atazisoma kurasa za Kirabo kwa pupa na kuzirukaruka za vikongwe. Wewe utafanya kinyume. Mkubwa wako atakuwa katikati. Na hakuna anayeuawa na mtunzi kwa sababu ya kukosea. Watu wanakosana, wananyimana salamu miaka nenda rudi, wanazeeka, wanaendelea. Nadhani hapo ndipo Makumbi anapowazidi wengi: anajua kwamba rafiki anaweza kuumiza kuliko mume, na anaupa urafiki nafasi ambayo waandishi wengine huipa harusi.

Nikuonye jambo moja, hasa kama hukukulia Buganda. Mafunzo ya mwili ambayo wasichana wa Kiganda hupewa na ssenga, yaani shangazi, dada wa baba, yamo, tena mwanzoni, na Makumbi anayaandika wazi, bila aibu na bila utani. Soma sura hizo kabla yao, ili ukiulizwa usianze kukohoa. Jingine ni ukubwa: kurasa zimezidi 400. Mdogo akikwama, asilazimishwe.

Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya 2003, mpe mdogo mara atakapomaliza alichonacho. Kiingereza chake ni chepesi kuliko vyote vinne. Baba yake Kambili ni tajiri, mcha Mungu, msaada wa maskini wa mji mzima, na nyumbani anawapiga mke na watoto. Shangazi Ifeoma wa Nsukka, mhadhiri asiye na pesa ila mwenye nyumba yenye kelele na kicheko, atawafurahisha nyote. Mwisho wake sikwambii.

The Girl with the Louding Voice ya Abi Daré, ya 2020, watu wanakipenda mno. Mimi nakipenda nusu. Adunni anaozwa na baba yake kwa mzee Morufu awe mke wa tatu, anatoroka, anaishia Lagos kuwa mtumishi wa ndani kwa mama tajiri. Anasimulia kwa Kiingereza kilichovunjika cha mtoto aliyekatishwa masomo, na sauti hiyo ndiyo roho ya kitabu. Ila kufikia Lagos, wabaya wamekuwa wabaya mno na wema wamekuwa malaika. Kwa mdogo, ngoja kwanza: kuna usiku wa ndoa humo ambao si wa kusomwa na mtoto peke yake, halafu kile Kiingereza kikimwingia kwenye insha mwalimu atamrudishia. Mkubwa akisome sasa.

Tuje kwenye Kiswahili. Ukitafuta riwaya ya msichana wa Uganda iliyoandikwa kwa Kiswahili, utachoka. Unajua lugha hii ilivyotufikia: kupitia kambi za jeshi na polisi, tangu enzi za ukoloni. Mama zetu wengi waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Amin aliitangaza lugha ya taifa 1973, na hilo halikuisafishia jina. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili, na 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza ifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria inabadilika upesi kuliko masikio. Mwandishi hamwandikii binti habari za moyo kwa lugha ambayo mama wa binti huyo akiisikia anaficha kuku, kwa hiyo wanawake wetu waliandika kwa Kiingereza. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa 1995 na Mary Karooro Okurut, kimeibua majina mengi, na sehemu kubwa ya kazi zake ni za Kiingereza. Rika letu tulikua na Moses wa Barbara Kimenye, yule mtundu wa bweni. Vitabu vya vijana vilivyojulikana kuliko vyote hapa viliandikwa na mwanamke, na bado bweni likawa la wavulana watupu.

Wewe lakini uko Busia, bahati ambayo mtu wa Mbarara hana. Vuka mpaka. Maduka ya vitabu vya shule upande wa Kenya huuza riwaya za Kiswahili zinazotahiniwa, au zilizowahi kutahiniwa, kidato cha nne, na miaka ya karibuni mbili kati yake ni za wanawake.

Ya kwanza ni Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Ina watu wengi hadi msomaji anahitaji kalamu na karatasi, nayo imejitwisha matatizo yote ya nchi: ghasia za baada ya uchaguzi, ardhi, dawa za kulevya. Mimi ningeipunguza theluthi. Lakini ndani yake yumo Umulkheri, mwanafunzi ambaye mama yake ameondoka nyumbani, baba amefariki, na wadogo zake wawili, Dick na Mwaliko, wameibwa na kijakazi. Umu anapata walezi wapya, anasoma, na hachoki kuwawaza wadogo zake. Kisa chake kingeweza kusimama peke yake kama riwaya ya vijana. Mwambie mdogo amfuate Umu kwanza, hao wengine atawarudia.

Ya pili, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ni yako. Mangwasha ni mke, ni mama, na ni mfanyakazi katika ofisi ya chifu, katika nchi ambayo viongozi wanawafukuza watu kwenye makazi yao kwa misingi ya ukoo. Mumewe, Mrima, anayumba, yeye hayumbi. Kiswahili chake kimepikwa na mwalimu wa lugha, misemo kila kona, lakini ukishazoea kinapendeza. Mama wa duka atajiona mle.

Na kwa ajili ya baba watoto, kuna Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal. Ya Kifaransa ilitoka 1979, na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kupata Tuzo ya Noma, tuzo ya vitabu vilivyochapishwa Afrika. Ni fupi. Ramatoulaye yuko eda, anamwandikia rafiki yake Aissatou, na anachokumbuka ni siku marehemu mumewe alipooa mke wa pili: Binetou, msichana wa shule, rafiki wa binti yao. Adabu imejaa humo tele, hakuna neno hata moja la kuficha, lakini sijui mume anayeimaliza akiwa amekaa kwa raha. Isome sambamba na Stay With Me. Uke wenza ule ule, nchi mbili, kizazi kimoja na kingine. Halafu muulize mkubwa ambacho wasomaji wengi hupita bila kukiuliza: Binetou alikuwa na hiari kiasi gani?

Simulizi za Kiswahili za WhatsApp, ambazo mkubwa pengine anazisoma, usizikataze. Zina kasi, zina maongezi kama ya watu wa kweli, na zimewafundisha vijana wengi wa Uganda Kiswahili kuliko darasa. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya 30 ikifika mtunzi anataka atumiwe pesa kwanza, na mwisho wenyewe hauji.

Kama mnataka kimoja cha kusoma nyote watatu likizo hii, wala msianze na furushi. Tafuteni Waiting ya Goretti Kyomuhendo, ya 2007. Ni Hoima, 1979. Alinda ana miaka 13, na familia yake inalala shambani usiku kuwakwepa wanajeshi wa Amin wanaokimbia huku wakipora. Vita vyenyewe viko mbali, vinasikika kwa redio na kwa uvumi; kinachosimuliwa ni kazi za nyumbani, mimba ya mama, majirani, na kule kusubiri. Kisha wanajeshi wa Tanzania wanafika na Kiswahili chao. Kama bibi yao yupo na anakumbuka mwaka huo, mkisomee akiwa amekaa nanyi, mmoja akimfasiria. Atawakatiza kila ukurasa, na mengine atakayosema hayamo kitabuni.

Piga simu Aristoc ya Kampala Road uulize kabla ya kumtuma mtu. Kikiwepo, apakie kwenye basi la Busia kama mzigo mwingine. Kisipopatikana, ulizia FEMRITE, Kira Road, Kamwokya. Pale Jumatatu jioni huwa na kikao cha wasomaji na waandishi, kwa hiyo mkubwa akipata chuo Kampala apite. Waiting haifiki kurasa 200. Mkipokezana vizuri, mtaimaliza kabla mdogo hajarudi bweni.